Uvimbe ukiguswa na kisu "unakasirika"? Fundi wa maabara naomba sikio

WembeNaNta:
Wadau wa Nyanza na Magharibi, hamjambo. Jumamosi nilikuwa matangani Ugenya. Tulimzika shangazi wa mke wangu, mama aliyeishi na rovu shingoni miaka kumi na miwili. Hotuba zilipofika kwa ukoo, mzee mmoja alishika maikrofoni akasema: "Huyu mama alikuwa mzima. Sindano ilisema si kansa. Wakamkata, kansa ikaamka. Uvimbe ukiguswa na kisu hukasirika." Hema zima likatikisa vichwa. Mama aliyeketi mbele yangu akamnong'oneza mwenzake kwamba yeye na titi lake, hakuna atakayelikata.

Nilinyamaza. Huwezi kubishana na mzee mwenye maikrofoni, tena mbele ya jeneza. Lakini nimerudi Kisumu na jambo lenyewe limekataa kunitoka.

Mimi si daktari. Ni fundi wa maabara ya patholojia, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kipande cha nyama kikitolewa mwilini kinaletwa kwetu, tunakiloweka kwenye fomalini (dawa ya kuzuia nyama isioze), tunakizamisha kwenye nta, kisha nakikata kwa wembe wa mashine vipande vyembamba vya mikroni 4. Unywele mmoja una unene wa zaidi ya vipande kumi vya namna hiyo. Navitia rangi, zambarau na waridi, halafu mwanapatholojia anaketi kwenye hadubini kuvisoma. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu wa benchi. Sijawahi kuandika dawa.

Jina kwanza, kwa sababu jina ndilo linalowaliza watu. "Adenoma", neno mnalokutana nalo kwenye ripoti zetu, ni Kigiriki: *aden* ni tezi, na *-oma* ni mkia tu wa kusema uvimbe. Ni uvimbe uliotokana na tezi, au na utando wa ndani unaotoa ute kama tezi, ukakua bila kuvamia majirani. Ukivamia, jina linabadilika: adenokasinoma, na hiyo ni kansa. Ukubwa hauingii hapo. Nimeshakata adenoma kubwa kama embe, na kansa ndogo kama punje ya mtama. Kinachotafutwa ni mpaka. Sisi watu wa kesi za mashamba tunalielewa hili haraka kuliko Wazungu. Jirani anaweza kujenga ghorofa ndani ya ua wake wa ojuok, akakuzibia jua, na bado hajachukua shamba lako. Mwingine ana kibanda tu, lakini viazi vyake vitamu vimeshatambaa chini ya ua hadi kwako.

Sasa sindano. Inanyonya chembe chache kutoka katikati ya uvimbe. Kwa uvimbe mwingi inatosha kabisa. Lakini kuna aina moja ya uvimbe wa tezi ya shingo, ya folikula (vifuko vidogo vinavyounda tezi hiyo), ambayo chembe za adenoma na chembe za kansa zinafanana. Ni kama kuwaita watoto wawili kutoka boma la jirani na kuwatazama nyuso: watakuambiaje kama ua umevunjwa upande wa mtoni? Lazima uzunguke ua wote. Ndiyo maana mfumo wa Bethesda, wa kupanga majibu ya sindano za tezi ya shingo, una makundi sita, na la nne maana yake kwa lugha ya kwetu ni hii: sindano imefika mwisho wa uwezo wake, utoeni tuuone mzima. Wengi wa kundi hilo hutoka bila kansa. Wengine hawatoki hivyo.

Karatasi ya shangazi niliisoma kwa macho yangu. Kundi la nne. Kliniki fulani ikamfasiria kwamba "hakuna kansa iliyoonekana". Nyumbani ikafika "hakuna kansa". Akakaa miaka mitatu zaidi. Ulipotolewa, uvimbe ulikuwa umevuka ganda lake na kuingia kwenye mishipa ya damu. Kansa ya aina hii hupenda kusafiri kwa damu kwenda mapafuni na kwenye mifupa. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikie: Krismasi ya kabla ya operesheni, mama huyu alikuwa akichechemea. Nyonga ilimuuma, tukasema uzee, tukamnunulia dawa ya kuchua. Kisu kilikuwa bado hakijafika.

Uvimbe ulikuwa ule ule. Sisi ndio tulipata macho siku ya operesheni, tukalaumu macho.

BodaWaKondele:
Nimeegesha pikipiki. Endelea.

Nyar_Seme:
Poleni kwa msiba. Lakini ndugu fundi, mimi nawajua watatu waliokatwa, na kabla ya mwaka kuisha tukawazika. Watatu! Hao wote pia ni "macho"?

WembeNaNta:
Asante dada. Swali langu: walienda hospitali wakiwa na uvimbe wa ukubwa gani, na baada ya muda gani? Na lingine. Waliokatwa wakapona, nani amewahi kushika maikrofoni kuwataja? Aliyepona hafanyiwi matanga. Wako Kibuye wanauza omena na kovu limefichwa chini ya leso.

Nyar_Seme:
Hapo umenikamata kidogo. Mmoja alikuwa ameshatoboka kidonda.

SistaWaWodi:
Niko Bungoma, wodi ya upasuaji. Huyo mama wa titi wa matangani ndiye anayenikosesha usingizi, kwa sababu hatujui ana nini. Wasichana wa kati ya miaka 15 na 35 wanakuja na kidonge kinachoteleza chini ya kidole kama njugu ndani ya mfuko. Mara nyingi ni fibroadenoma, si kansa. Akishapigwa ultrasaundi na kuchomwa sindano ikithibitika, wengi wao hata hawakatwi, tunafuatilia tu. Mwaka juzi mmoja aliletwa na mamake baada ya kukandwa kwa majani ya moto wiki mbili "kiyeyuke". Kidonge kilibaki palepale, ngozi ndiyo iliyoyeyuka.

Upande wa pili ni mama wa miaka hamsini na kitu mwenye kidonge kigumu kisichosogea, anaambiwa na majirani ni maziwa yaliyoganda. Maziwa ya nani, na kitinda mimba chake yuko chuo kikuu?

MwanaMumias:
Ngoja niweke yangu hadharani, hapa hakuna anayenijua. Miaka miwili nilikuwa naona damu chooni. Nikanunua dawa za bawasiri kila aina, za duka na za mzee wa sokoni. Mwezi jana nikapitishwa kamera ya utumbo mpana. Wakakuta vinyama viwili, kimoja milimita 8, kingine 4, wakavitoa papo hapo. Ripoti inasema adenoma ya mirija, mabadiliko ya daraja la chini. Mke wangu akaisoma Google usiku, asubuhi nikamkuta anapiga simu kwa ndugu zangu. Je, nina kansa ama sina? Na kama hiki kitu ni cha amani kama ulivyosema, mbona wamekitoa bila hata kuniuliza?

WembeNaNta:
Ndugu, kwa ripoti hiyo huna kansa. "Mirija" ni umbo lake kwenye hadubini, na "daraja la chini" maana yake chembe zimebadilika kidogo tu. Mtulize mama. Lakini swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza.

Adenoma za utumbo mpana ni za ukoo mwingine. Nyingi hukaa hivyo maisha yote, ila kansa nyingi za utumbo mpana zilianza kama kinyama cha namna hiyo. Mwaka 1990 Fearon na Vogelstein, watafiti wa Johns Hopkins kule Baltimore, waliandika jinsi safari inavyokwenda: chembe inapoteza breki moja, kinyama kinaota, inapata hitilafu ya pili, kinakua, inapoteza walinzi wengine, kinavamia. Breki ya kwanza mara nyingi ni jini (*gene* ya Kiingereza, maelekezo ya urithi ndani ya chembe) liitwalo APC, lililotambuliwa mwaka 1991. Kuna familia zinazozaliwa na APC mbovu. Vijana wao wanaota vinyama mamia, hata maelfu, na wasipotibiwa karibu wote wanapata kansa, wengi kabla ya kufika miaka arobaini. Kwa mtu wa kawaida, safari hiyo huchukua kama miaka kumi au zaidi.

Miaka kumi! Rovu la folikula linatuficha mpaka wake hadi tulitoe, lakini kinyama cha utumbo kinakupa miaka ya kukikuta kabla hakijavuka. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 1993, wa wagonjwa 1,418 waliotolewa adenoma, ulionyesha kwamba kansa zilizotokea baadaye zilikuwa pungufu kwa asilimia 76 hadi 90 ya zilizotarajiwa, kulingana na kundi walilolinganishwa nalo. Kwa hiyo mkihesabu vizuri, hapa kisu (tena si kisu, ni kitanzi cha waya wa umeme) ndicho kilichoizuia kansa isizaliwe. Ningependa mzee wa matangani aisikie hii.

Kuhusu kurudi: kwa adenoma moja au mbili za mirija, chini ya milimita 10, mwongozo wa Marekani wa 2020 unasema miaka 7 hadi 10, ikiwa utumbo ulikuwa msafi na kamera ilifika mwisho. Daktari wako ndiye mwenye neno. Mwambie pia kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja amewahi kuugua kansa ya utumbo, hiyo hubadilisha hesabu. Na damu chooni baada ya hapa usiitibu tena kwa kubahatisha.

MwanaMumias:
Baba alikufa "tumbo likiwa limefunga". 1998. Hakupimwa.

WembeNaNta:
Hilo lipeleke kwa daktari wiki hii. Maneno hayohayo uliyoandika hapa.

MwalimuMstaafu:
Vijana, wazee wetu walikula ugali wa wimbi, mrenda, kunde. Hatukujua vinyama vya utumbo. Leo ni chipsi na soda hadi Luanda ya Vihiga. Mnazunguka mbuyu na majini yenu.

DktMdogo:
Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa tano wa udaktari hapa Maseno. Hoja yako ina mwenyewe, na alikuwa jirani. Denis Burkitt, daktari mpasuaji Mwailandi aliyefanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya, akafuatilia ramani yake Afrika nzima, akaona unafuata joto na mvua, yaani maeneo ya malaria kali. Sisi watu wa ziwa tumo ndani ya mkanda huo. Vipande vilivyopelekwa London kutoka Kampala ndivyo Epstein, Achong na Barr walivyoonea kirusi kipya mwaka 1964. Hiyo si adenoma, ni kansa ya chembe za kinga, na ni ya haraka ajabu, inaweza kujirudufu kwa siku moja au mbili. Lakini dawa nayo huiyeyusha haraka ikiwahiwa. Mtoto akivimba taya na meno yakalegea, msimpeleke kung'olewa tu na kurudi nyumbani.

Sasa, Burkitt huyohuyo baadaye aliigeukia hoja ya Mwalimu: kwa nini hospitali za vijijini Afrika hazikuwa na kansa ya utumbo mpana kama Ulaya? Akasema ni makapi ya chakula, yaani nyuzinyuzi. Mwaka 2015 watafiti wakajaribu kwa kubadilishana sahani: Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh wakala chakula cha kijijini, na watu 20 wa vijijini KwaZulu, Afrika Kusini, wakala cha Kimarekani, wiki mbili tu. Utando wa utumbo ukaanza kubadilika pande zote mbili. Wa Pittsburgh ukatulia, wa KwaZulu ukaonyesha dalili za uvimbeuchungu na chembe kugawanyika kwa kasi.

MwalimuMstaafu:
Marahaba. Nilijua.

DktMdogo:
Ila Mwalimu, wiki mbili zinaonyesha utando, hazionyeshi kansa. Na zamani pia watu walikufa "tumbo likiwa limefunga" bila kupimwa, kama baba wa huyu ndugu. Kutojulikana na kutokuwepo ni vitu viwili.

KijanaWaNakuru:
Kuna kituo huku kwetu kinatangaza ofa ya kupigwa skani mwili mzima. Baada ya kusoma uzi huu nimeshaanza kuweka pesa. Nipige shingo kwanza?

WembeNaNta:
Zitoe pesa hizo ukanunulie nyumba yako bati. Kama huna uvimbe, huna dalili, huna historia ya familia, shingo iache. Korea Kusini walifanya hivyo kwa nchi nzima. Kufikia mwaka 2011, kansa ya tezi ya shingo iliyogunduliwa ilikuwa mara 15 ya ile ya 1993. Vifo? Palepale. Maelfu walitolewa tezi wakabaki kumeza vidonge maisha yote kwa ajili ya vitu ambavyo wangelala navyo kaburini kwa amani.

Hata sisi wa maabara tuna dhambi yetu humo. Kuna aina moja ya uvimbe wa shingo iliyokuwa ikiitwa kansa ingawa ipo ndani ya ganda lake. Wataalamu wakawarudia watu 109 waliokuwa nayo, wakiwa wamefuatiliwa kati ya miaka 10 na 26. Wote hai, hakuna uliorudi. Mwaka 2016 wakaiondolea jina la kansa. Fikirieni mtu aliyelala miaka ishirini na neno hilo, kisha anapigiwa simu kwamba lilifutwa. Ndiyo maana nasema mambo yote ni ua.

Utumbo mpana ni kesi nyingine. Marekani wanaanza kupima wasio na dalili wakiwa na miaka 45 tangu 2021. Kwa hiyo ukitaka kupima kitu siku moja, anzia huko, au na kipimo cha kinyesi.

BodaWaKondele:
Kutoka shingo hadi kinyesi. Uzi wa leo mzito.

DktMdogo:
Fundi, naomba nikupinge kidogo, kwa heshima. Mzee wa matangani hakukosea asilimia mia. Adenoma ya tezi ya mate, ile inayoota mbele au chini ya sikio, ikikamuliwa tu kama jipu au ganda lake likapasuka, mbegu zinamwagika. Baada ya miaka inarudi vinundu kumi badala ya kimoja. Na mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya juu ya mashine inayosaga fibroidi (uvimbe wa mji wa mimba usio kansa) ndani ya tumbo ili zitoke kwa tundu dogo, kwa sababu walikadiria mwanamke mmoja kati ya 350 anayefanyiwa operesheni ya fibroidi ana kansa iliyojificha humo, na mashine ingeitawanya. Kwa hiyo kuna kisu kinachokasirisha.

WembeNaNta:
Nimekubali, na sikufurahia kukubali. Kisu kibaya kipo. Nitaongeza: operesheni ya hapo sikioni ni ya mtu anayejua, kwa sababu neva inayoendesha uso inapita katikati ya tezi hiyo. Ikikatwa, mdomo unapinda. Kwa hiyo hutolewa na nyama nzima kidogo inayoizunguka, polepole. Ikiachwa miaka mingi sana nayo inaweza kugeuka kansa. Njia zote mbili zina miiba, lakini ya kukaa ni mirefu zaidi.

JaUgenya:
Nimesoma kimya tangu jana. Fundi, nilikuwa matangani hayo. Mzee wa maikrofoni ni baba yangu mdogo. Msichojua ni kwamba yeye mwenyewe ana kitu chini ya sikio, kofia yake ndiyo inakificha. Mwaka wa kumi huu.

Nyar_Seme:
Ai yawa.

WembeNaNta:
Nisamehe kama niliandika kwa ukali. Niulize: kimekua haraka miezi hii? Kinamuuma? Uso umelegea upande mmoja, au jicho halifungi vizuri?

JaUgenya:
Hapana yote. Kinakua pole pole. Kuna mtu wa kliniki ya barabarani alimwambia atakitumbua kwa elfu mbili.

WembeNaNta:
HAPANA. Asiguse. Hicho ndicho kile kisu cha DktMdogo. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ataanza na ultrasaundi na sindano. Hapo sindano inasaidia kuliko kwenye rovu la folikula.

Na kwa kuwa uzi umefika hapa, acheni nitoe la moyoni. Operesheni ikiisha, ulizeni kipande kinaenda wapi. Nusu ya machozi yangu kazini ni chupa. Familia inapewa kipande ikilete yenyewe, inakileta kwenye maji, kwenye spiriti, siku moja kwenye chupa ya soda. Mdomo mwembamba! Nyama mbichi inaingia kwa kubonyezwa, fomalini inaikaza, haitoki tena. Nikavunja chupa kwa nyundo, na ganda lile nililopaswa kulitazama likiwa zima likachanika. Chombo kiwe na mdomo mpana, fomalini iwe mara kumi ya ukubwa wa kipande, jina liandikwe kwenye chombo chenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Kipande kisikatwe nusu ati nusu iende maabara nyingine.

Nyar_Seme:
Na majibu kukaa wiki tatu, hiyo pia ni chupa?

WembeNaNta:
Hiyo wakati mwingine ni sisi. Kulowesha usiku mzima, nta, kukata, rangi, hayo ni siku mbili tatu. Zinazobaki ni foleni ya wanapatholojia wachache. Pigeni simu, msione aibu. Na mkitaka mtu wa pili asome, ombeni bloku ya nta. Nyama ipo humo kwa miaka, tunaweza kuikata upya.

SistaWaWodi:
JaUgenya, mzee amesemaje?

JaUgenya:
Nimemsomea uzi wote leo jioni, hata ile ya maikrofoni. Alikaa kimya, akavua kofia, akakishika. Hajakubali. Ameuliza tu: huyo wa hospitali akitoa, ataweka kitu chote kwenye chupa ama kipande?

WembeNaNta:
Mwambie chote, na nyama kidogo ya kukizunguka. Chupa ya mdomo mpana nitaileta mwenyewe.